Pikipiki zilizolala dukani: ya ABS au ya breki za kawaida?

Pikipiki mbili zimesimama ubavu kwa ubavu dukani Mwanakwerekwe, Unguja. Injini moja, rangi moja, zote zina nailoni kwenye siti na vumbi juu ya tangi. Moja ina ABS, kifaa kinachozuia gurudumu lisijifunge breki ikikamatwa kwa nguvu, nyengine haina. Zote zimeshushwa bei kwa sababu zimetoka kiwandani miaka mitatu minne nyuma, na wateja wanataka toleo jipya. Mnunuzi ana swali moja tu: niongeze pesa nichukue yenye ABS?

Ongeza, ila usilipie kibandiko tu kilichoandikwa ABS. Pikipiki ikilala, injini yake haichakai sana. Kinachooza ni mafuta ya breki, mipira, betri na viungo vya umeme, na hivyo hasa ndivyo ABS inavyovitegemea. Breki ya shuu, ile inayobana kwa ndani ya gurudumu, iliyokaa miaka minne fundi anaifungua, anaipiga msasa, anatia grisi kidogo kwenye kikono chake, na saa moja haijesha kazi imekwisha. ABS iliyokaa miaka minne kwenye hewa ya bahari inaweza kuwa nzima kabisa, na inaweza kuwa chuma cha kubeba bure kinachowasha taa ya njano kila asubuhi. Tofauti ya hizo mbili inaonekana palepale dukani, kwa anayejua pa kutizama.

Kukuta matoleo mawili ya pikipiki moja si ajabu. India, zinakotoka nyingi tunazopanda, iliweka sharti la ABS kwa kila pikipiki ya zaidi ya cc 125 inayouzwa nchini mwake: aina mpya kuanzia Aprili 2018, na zote kuanzia Aprili 2019. Sharti hilo halizifuati zinazosafirishwa nje. Ndiyo maana aina ileile inaweza kuja huku ikiwa na ABS au bila yake. Bajaj Pulsar NS200 ni mfano mzuri. Ilitoka bila ABS, mwaka 2017 ikapewa ABS ya gurudumu la mbele peke yake, na mwaka 2023 ikapewa ya magurudumu yote mawili. Zote tatu ni NS200, na muuzaji atakwambia zote ni sawa.

Basi usitizame maandishi kwenye madgadi. Fuata mpira wa breki ya nyuma kwa kidole, kutoka pale pedeli inaposukuma. Mpira huo ukienda moja kwa moja hadi kwenye kalipa ya nyuma, yaani kibano cha diski, hiyo ni ABS ya mbele tu. Ukipanda kwanza kwenye boksi la ABS, chini ya siti au chini ya tangi, kisha ukatoka tena kuelekea nyuma, ni ya magurudumu yote. Pete yenye matundu kwenye gurudumu la nyuma, ile ambayo ABS huisoma kujua mwendo, si ushahidi wa kutosha, maana baadhi ya ABS za mbele nazo husoma mwendo wa gurudumu la nyuma.

ABS ya mbele tu isidharauliwe. Gurudumu la nyuma likijifunga, pikipiki inayumba mkia na dereva aliyetulia anaachia pedeli, inanyooka. La mbele likijifunga, uko chini kabla hujajua kilichotokea. Kazi ya kifaa hiki ni ndogo na ya haraka: sensa inahesabu matundu ya pete, kompyuta inaona gurudumu linataka kusimama wakati pikipiki bado inakwenda, inapunguza nguvu ya mafuta, inairudisha, inapunguza tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Mkononi unasikia mtetemo. Usiachie, ndivyo inavyofanya kazi.

Kwa Unguja, mahali pa kuihitaji ni pengi. Mvua ya mwanzo ya masika ikishuka juu ya vumbi na mafuta ya gari, lami ya kwenda Bububu inakuwa kama sabuni. Paje na Jambiani upepo unaleta mchanga mwembamba juu ya lami, hauonekani mpaka uko juu yake. Pale Jozani kuna matuta yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju wanaovuka, na mgeni wa njia huyaona yamekwishamfikia. Pemba wakati wa mavuno, karafuu zinaanikwa kwenye majamvi pembeni mwa barabara, na watoto wanazizunguka. Kwa spidi ya kilomita 60 kwa saa unakwenda karibu mita 17 kila sekunde, kabla hata mkono haujafika kwenye breki. Ukishaikamata vizuri, kwenye lami kavu unahitaji kama mita 20 nyengine. Dereva mzoefu asiye na ABS, kwenye lami kavu na akili imetulia, anaweza kusimama karibu kwa umbali huohuo. Lakini ng'ombe anapokatiza Mkokotoni usiku wa mvua, nani ametulia?

ABS inapokosea ni kwenye ardhi inayotembea: changarawe, mchanga mwingi, udongo mwekundu wa Pemba ulioloa. Hapo gurudumu lililojifunga hujichimbia na kusukuma kifusi mbele yake, na kifusi hicho nacho ni breki. ABS hailiachi lijichimbie, hivyo safari ya kusimama inarefuka. Mtu wa Pemba anayeshuka vilima vya udongo kila siku hajakosea akitaka kuizima ya nyuma. Royal Enfield Himalayan ya 2020 na kuendelea ina swichi ya kuzima ABS ya nyuma. Nyingi ndogo hazina. Wapo wanaochomoa fyuzi. Wakichomoa, ya mbele nayo imekufa, na siku wakirudi kwenye lami wamesahau. Kwa njia za namna hiyo, pikipiki ya shamba kama Honda XR150L, diski mbele na shuu nyuma, haina ABS na haimkoseshi mtu usingizi.

Sasa ukaguzi. Anza na umri. Namba ya chesisi imegongwa karibu na shingo ya usukani, na kwa viwanda vingi herufi ya kumi ndiyo mwaka: J ni 2018, K 2019, L 2020, M 2021, N 2022, P 2023, R 2024. Halafu inama usome tairi. Kwenye ubavu kuna duara refu lenye tarakimu nne. 2321 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2021. Tairi ikipita miaka mitano, mpira umeshakuwa mgumu hata kama vile vinywele vyake vya kiwandani bado vipo. Kandamiza ukucha kati ya meno yake: mpira mzuri unabonyea na kurudi, mgumu hauachi alama yoyote. Haya si mambo ya pembeni. ABS haiongezi ushikaji wa tairi, inagawa ule uliopo. ABS nzima juu ya tairi gumu ni bora kidogo tu kuliko kutokuwa nayo.

Kisha kikopo cha mafuta ya breki kwenye usukani, chenye kidirisha. Yakiwa na rangi ya asali nyepesi, sawa. Yakiwa kama chai ya rangi, yamekunywa maji. Mafuta ya DOT 3 na DOT 4, madaraja ya kawaida ya mafuta ya breki, hufyonza unyevu kutoka hewani kupitia mipira, na hewa yetu haikosi unyevu. DOT 4 mpya haichemki mpaka nyuzi 230; ikishashiba maji kiwango cha chini kinachokubalika ni nyuzi 155. Hilo la kuchemka linawahusu wanaoshuka milima. Kwetu tatizo ni kutu. Ndani ya masta, pampu ndogo inayosukumwa na mkono wa breki, kuna kitundu cha kurudishia mafuta, chembamba kuliko sindano ya kushonea. Mafuta yakilala miaka yanaacha ukoko mweupe unaokiziba, breki haiachii, diski inapata moto na pikipiki inakuwa nzito kama inavutwa. Kwenye breki ya kawaida unafungua masta, unasafisha, basi. Kwenye ABS mafuta hayohayo yamo ndani ya boksi lenye vali ndogo mno, na boksi hilo halifunguliwi. Likishika kutu ndani linabadilishwa zima, na bei yake inameza punguzo lote ulilopewa.

Kwa hiyo kubadilisha mafuta kabla ya kuichukua pikipiki ni sharti, wala si fadhila ya duka. Chupa ya nusu lita ya DOT 4 inatosha magurudumu yote mawili na inabaki. Iwe imefunguliwa mbele yako. Iliyokaa wazi rafuni nayo imeshakunywa maji. DOT 5, ile ya silikoni, isiingie kabisa kwenye ABS. Mafuta yakimwagika juu ya tangi rangi inatoka, kwa hiyo fundi na awe na ndoo ya maji karibu. Wakati wa kutoa upepo kwenye mipira ya breki, kikopo kisikauke hata mara moja. Upepo ukiingia kwenye boksi, mkono wa breki unakuwa laini kama sponji, na pikipiki nyengine haziutoi mpaka zifungwe mashine ya kuzungusha pampu. Isipokuwepo, mafundi wanaipeleka kwenye njia ya vumbi, wanaishitua ABS mara kadhaa kwa mwendo mdogo, kisha wanatoa upepo upya. Mara nyingi inatosha.

Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya ABS lazima iwake. Isipowaka kabisa, taa imeungua au mtu ameikata kuficha ugonjwa, ondoka. Ikiwaka, itabaki inawaka au kupepesa mpaka pikipiki ipite kilomita 5 hadi 10 kwa saa, hapo izime. Muuzaji akikataa isiendeshwe hata hatua ishirini uwanjani, hakuna njia ya kujua ABS inafanya kazi, na bei ijadiliwe kama vile haipo. Wengine wanaipandisha kwenye stendi kubwa, wanatia gia na kuzungusha gurudumu la nyuma ili kuizima taa. Mara nyingi taa haizimi, au inarudi, kwa sababu kompyuta inaona la nyuma linakwenda na la mbele limesimama. Hiyo si hitilafu. Zima, washa, iendeshe.

Betri dhaifu pia huwasha taa hiyo. Pima kwa mita kabla ya kuwasha: volti 12.6 na zaidi ni nzima, 12.2 ina nusu ya chaji, chini ya 10.5 usiisikilize hadithi ya kuchajiwa. Injini ikiwa imewashwa na inazunguka juu kidogo, mita isome kati ya 13.5 na 14.5.

Piga magoti mbele ya gurudumu la mbele. Pete iwe bapa: zungusha gurudumu taratibu na utizame nafasi kati yake na ncha ya sensa, isiongezeke wala kupungua. Ncha yenyewe ina sumaku, hushika unga wa chuma kutoka kwenye diski. Kitambaa kinatosha kuusafisha. Fuata waya hadi kwenye soketi yake na uifungue. Ukiona rangi ya kijani kwenye pini, chumvi imeingia. Uliza pikipiki ilivuka vipi kutoka Dar es Salaam: ndani ya kasha, au imeshaundwa na kusimamishwa juu ya sitaha? Iliyopigwa na mawimbi siku ya upepo wa kusi kisha ikawekwa dukani bila kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi huanza kuoza kutokea kwenye soketi hizo.

Baada ya kununua, adui mkubwa wa pete ni fundi pancha. Chuma chake cha kutolea tairi akikiegemeza upande wa diski, pete inapinda, na taa inawaka siku hiyohiyo. Mwambie afanye kazi upande wa pili. Taa ikiwaka njiani usiogope: breki zinabaki, ila zimekuwa za kawaida, na mkono wako ndio ABS.

Kwa pikipiki isiyo na ABS ukaguzi ni mfupi. Inua gurudumu, lizungushe, kamata breki, achia, zungusha tena. Likishindwa kumaliza mzunguko mmoja kwa ulaini, pistoni au pini za kalipa zimekauka. Kwa breki ya shuu, pedeli iwe na nafasi ya milimita 20 hadi 30 kabla haijaanza kushika.

Hukumu yetu: anayekwenda mjini na kurudi kila siku, na bodaboda anayebeba abiria kwenye lami ya Unguja, wachukue ya ABS, hata ya mbele tu, ikiwa taa inazima na mafuta yamebadilishwa. Taa isipozima, chukua isiyo na ABS yenye diski mbele na uitie tairi mpya kwa pesa iliyobaki. Utasimama vizuri zaidi. Wa njia za udongo Pemba asilipe ziada. Na skuta ndogo zenye breki za pamoja, mkono mmoja unaoshika magurudumu yote mawili, zisiuzwe kwa jina la ABS. Breki za pamoja zinagawa nguvu tu, hazizuii gurudumu kujifunga.

Muda wa dhamana uanze siku ya kununua, si siku pikipiki ilipoingia dukani, na iandikwe hivyo kwenye risiti, pamoja na namba ya chesisi, namba ya injini na maneno "boksi la ABS na sensa zimo". Linganisha namba hizo na karatasi za forodha kabla ya kutia saini.