Mafundi bomba wa dharura wa Njiro: hita ya maji ilipopasuka Jumapili jioni

Tathmini hii inahusu ofisi ndogo ya mafundi bomba iliyopo Njiro, jijini Arusha, ambayo hupokea simu za dharura hata siku za mapumziko. Niliihitaji mwezi wa saba, wakati wa baridi ambapo hita katika nyumba nyingi za mjini hapa huwashwa asubuhi na jioni, baada ya hita yetu ya lita 50, iliyofungwa juu ya mlango wa bafu, kuanza kumwaga maji ya moto hadi yakapenya kwenye jipsamu ya dari ya korido. Kazi yao kwa ujumla ni nzuri, na sehemu iliyo bora kuliko zote ilifanyika kabla fundi hajatoka ofisini.

Kijana aliyepokea simu hakuanza kwa kuuliza tunakaa wapi. "Mama, achana na ndoo kwanza, kazimeni umeme wa hita," alisema, kisha akauliza kama ile swichi yenye taa nyekundu iliyo nje ya bafu imelowa. Nilipomweleza kwamba maji yalikuwa yakitiririka ukutani kuizunguka, alinikataza kabisa kuigusa, akanielekeza kwenye meini swichi, nikaushe mikono na nivae viatu vya mpira. Utaratibu huo una sababu yake: mbali na hatari ya kupigwa shoti, elementi, yaani chuma cha ndani kinachopasha maji, inayoendelea kuwaka wakati tangi linakauka huungua. Maji yalifuata baada ya umeme, na hapo ndipo nilipoona kwamba anazijua nyumba za Arusha. Mwanangu alikuwa ameshaelekea getini kufunga koki ya mita ya AUWSA, mamlaka ya maji ya Arusha. Kijana akauliza kama tuna simtanki. Hita nyingi za kwetu hulishwa kutoka kwenye tangi la juu na si moja kwa moja kutoka bomba la mtaani, kwa hiyo hata mita ikifungwa, maji yataendelea kushuka kwenye hita mpaka simtanki likauke, na lita 1,000 zinatosha kuangusha dari ya korido yote. Koki inayotakiwa ni ile iliyo kwenye bomba linaloshuka kutoka simtanki. Yetu ilikuwa imegoma kwa kukaa miaka bila kuguswa, naye akatuambia tuizungushe kidogo mbele na kidogo nyuma, taratibu, bila kuikamata kwa spana kubwa inayoweza kuvunja shingo yake. Ikafunga.

Fundi alikuja kwa pikipiki giza likiwa limeshaingia, akapima waya kwa testa kabla ya kugusa chochote, ingawa tulimhakikishia kwamba umeme umezimwa. Alipoanza kuchunguza, alituita tuone valvu ya usalama, ile ndogo inayokaa chini ya hita kwenye njia ya maji baridi. Kitundu chake cha kutolea maji kilikuwa kimezibwa kwa kifuniko na kuzungushiwa tepu nyeupe. Aliyeifunga hita hiyo miaka ya nyuma alifanya hivyo kwa sababu valvu ilikuwa ikidondosha na wenye nyumba wa wakati huo wakilalamika, kwa maelezo ya jirani aliyekuwepo. Ukweli ni kwamba kudondosha kidogo wakati hita inapasha maji ndiyo kazi ya valvu hiyo. Maji yanayopanda kutoka nyuzi 20 hadi 60 za Selsiasi huongezeka ukubwa kwa takribani asilimia moja na nusu, yaani katika tangi la lita 50 hupatikana karibu robo tatu ya lita isiyo na mahali pa kukaa. Valvu hairuhusu maji yarudi nyuma, hivyo kitundu kikizibwa presha yote hubaki ndani, kila asubuhi na kila jioni. Dawa yake ni kuunganisha kibomba chembamba kutoka kwenye kitundu hadi kwenye mfereji wa bafu, jambo ambalo fundi huyu alilifanya kwenye hita mpya bila kuombwa.

Alipofungua kifuniko cha chini, sponji ya kuhifadhi joto ilikuwa imeloa maji ya rangi ya chai, na uvujaji ulitoka kwenye mshono wa tangi lenyewe. Fimbo ya magnesi, ambayo huwekwa ndani ili iliwe na kutu badala ya chuma cha tangi, ilikuwa imebaki waya mtupu. Niliuliza kama tangi linaweza kuchomelewa. Alikataa, akieleza kwamba ndani lina ganda la enameli kama la sahani za zamani, na moto wa kuchomelea hulibabua, kwa hiyo tungelipa sasa na kulipa tena baada ya muda mfupi. Nilipenda pia kwamba hakutulazimisha kununua hita kwao. Tulichagua dukani wenyewe kesho yake, naye akarudi kuifunga.

Malalamiko yangu yako kwenye fedha na usafi. Hakuna aliyenitajia kwamba Jumapili bei ya kuitwa ni ya juu zaidi mpaka kazi ilipokwisha, na katika bili kulikuwa na shilingi 35,000 za "vifaa vidogo vidogo" ambazo hazikuchanganuliwa. Kwa makadirio yangu valvu na kibomba havifikii kiasi hicho. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ilikuja baada ya kukumbushwa zaidi ya mara moja, na vipande vya jipsamu walivyobomoa ili kufikia bomba viliachwa koridoni tukavizoe sisi.

Kwa dharura ya usiku ningewapigia tena bila kusita, kwa kuwa ushauri wao wa kwenye simu ulituokolea dari ya vyumba viwili. Anayewaita aombe bei ya kuitwa na ya vifaa kwa ujumbe wa maandishi fundi akiwa bado njiani. Nilipofanya hivyo kwa ajili ya kufunga hita mpya, walijibu mara moja, na kiasi walichoandika ndicho nilicholipa.