Restic baada ya miezi 14: bakapu ya duka lisilofungwa usiku

Duka la dawa ninalolihudumia liko Mwanza, hatua chache kutoka geti la hospitali, na halifungwi. Usiku wa manane ndio wanakuja wale wasioweza kungoja kupambazuke: mtoto anachemka, au ndugu katoka wodini na cheti chenye dawa tatu na mbili hazipo dirisha la hospitali. Kwa hiyo wakuu, nikisoma maelezo ya mtu anayesema "zima mfumo usiku watu wakiwa wamelala, kisha chukua bakapu", najua huyo hajawahi kukaa dukani kwetu.

Na sisi ndivyo tulivyokuwa tunafanya. Fundi aliyetufungia programu ya mauzo alituachia skripti: saa 8:30 usiku inazima MariaDB, yaani hifadhidata ya mfumo, inabana folda nzima ya data kwa 7-Zip kwenda diski ya nje, ikimaliza inawasha tena. Mwanzoni ilikuwa dakika tano, sita, hakuna aliyejali. Data ilipofika GB 11, juu ya kompyuta ile ya zamani, ikawa nusu saa na ushee kila usiku.

Usiku mmoja nilikuwepo, nimekuja kubadilisha betri ya UPS. Akaingia mama na mtoto mgongoni, anataka mseto na dawa ya maji ya kushusha homa. Mfamasia wa zamu akabonyeza, kioo kimeganda. "Mama, nivumilie kidogo, mfumo umelala." Yule mama akamtazama, akaitazama na mashine: "Kwani kompyuta nayo inalala?" Daftari lilikuwepo la kuandikia mauzo ya muda huo, lakini bei ya mseto ilikuwa imebadilishwa jioni ile, na bei mpya ilikuwa ndani ya mfumo. Dada akapiga simu kumwamsha mwenzake wa mchana kumuuliza bei. Mimi nimekaa nyuma ya rafu na betri mapajani, najua kabisa nani wa kulaumiwa.

Ndipo nikaanza kutafuta, na nikaishia kwenye Restic. Ni programu huria ya kuchukua bakapu, ilianzishwa na Alexander Neumann, imeandikwa kwa lugha ya Go, haiuzwi. Unashusha faili moja tu, hakuna kufunga kitu kingine. Lakini niseme mapema: Restic peke yake haijui lolote kuhusu hifadhidata. Ukiielekeza kwenye folda ya MariaDB huku mauzo yanaendelea, itakunakilia faili zilizo katikati ya kuandikwa, na siku ya kuzirudisha utalia. Kazi ya kutosimamisha duka inafanywa na mwingine, mysqldump, anayeiandika hifadhidata yote kwenye faili moja la maandishi (hilo ndilo dampu), ukimpa neno --single-transaction. Restic yeye ni ghala.

Jinsi inavyofanya kazi ni hivi. Majedwali ya aina ya InnoDB huhifadhi toleo la zamani la kila mstari mpaka asiwepo anayelihitaji. Dampu ikianza saa 8:30, inaendelea kuiona hifadhidata kama ilivyokuwa saa 8:30, hata ikichukua dakika kumi. Paracetamol iliyouzwa saa 8:31 haimo. Itaingia kesho. Muuzaji hafungiwi mlango, hajui hata kama kuna kitu kinaendelea. Dampu yetu inachukua dakika tisa, na malalamiko pekee niliyopata ni kwamba kutafuta dawa kwa jina kunakuwa kuzito kidogo wakati huo.

Restic inalipokea lile faili la dampu, lililoandikwa kwa SQL (lugha ya hifadhidata), na kulikatakata vipande, kwa wastani kama MB 1 kila kimoja, na kipande ambacho tayari kipo ghalani haikiweki mara ya pili. Hapo ndipo niliipendea. Dampu yetu ina kama GB 7; usiku wa kwanza ilikaa GB 1.3 baada ya kubanwa, na usiku uliofuata iliongeza MB 60 hivi. Mauzo ya miaka iliyopita hayabadiliki, kwa nini uyabebe kila usiku? Kila kitu kinafungwa kwa usimbaji fiche wa AES-256 kabla hakijatoka kwenye mashine, jambo ambalo kwa duka lenye majina ya wagonjwa na dawa zao si anasa. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na diski ya nje iliyosahaulika kwenye daladala haitaulizwa ilikuwa na nia gani.

Kosa langu la kwanza: nilibana dampu kwa gzip kabla ya kuikabidhi Restic, nikidhani nasaidia. Ghala likawa linanenepa zaidi ya GB moja kila usiku. Faili lililobanwa likibadilika herufi moja mwanzoni, yote yanayofuata yanabadilika, basi Restic haioni kipande hata kimoja inachokifahamu. Mpe SQL mbichi. Kubana inajua yenyewe tangu toleo 0.14.

La pili lilinitia aibu zaidi. Baada ya wiki tatu nikachukua laptopu yangu, nikarudisha bakapu nzima humo, nikatoa ripoti ya salio. ORS zilikuwa pungufu pakiti nne: zimetoka kwenye salio, risiti hazipo. Usiku, zamu ya mtu mmoja, pakiti nne. Nilishaanza kupanga maneno ya kumuuliza yule dada, tena kwa upole wa kinafiki. Bahati nzuri kabla sijafungua mdomo nikaangalia kwenye mfumo wenyewe wa dukani. Risiti ipo, ya saa 8:34, pakiti nne, pesa taslimu. Mwizi alikuwa jedwali langu la salio. Lilikuwa bado la aina ya zamani, MyISAM, na MyISAM haijui habari za matoleo ya saa 8:30. Dampu ilisoma mauzo kama yalivyokuwa saa 8:30, ikafika kwenye salio saa 8:37 ikalisoma kama lilivyokuwa saa hiyo ya 8:37. Vitu viwili vya nyakati mbili ndani ya faili moja, na mysqldump haikuguna.

Andika SHOW TABLE STATUS leo hii, uangalie safu ya Engine. MySQL, ambayo MariaDB imezaliwa kutoka kwake, ilianza kutumia InnoDB kama chaguo la kawaida toleo la 5.5, ila mifumo iliyozaliwa kabla ya hapo, au iliyoandikwa na mtu aliyejifunza kabla ya hapo, bado ina MyISAM imejificha humo. Kulibadilisha jedwali letu kulichukua sekunde hamsini, Jumapili asubuhi, na hizo ndizo sekunde pekee nilizolisimamisha duka katika zoezi zima. Na fundi wako asibadilishe muundo wa jedwali wakati dampu inaendelea. Hilo nalo linavunja ile picha ya saa 8:30.

Kuna mtego mwingine kwa wanaounganisha amri mbili kwa bomba, yaani alama ya | inayopeleka matokeo ya moja moja kwa moja kwenye nyingine. Mysqldump ikifa katikati, Restic upande wa pili inaona tu kwamba maneno yamekwisha. Inahifadhi nusu dampu, inaripoti mafanikio. Toleo 0.17 la mwaka 2024 limeleta --stdin-from-command, ambapo Restic yenyewe ndiyo inayoiendesha mysqldump, na ikifa kwa kosa hakuna kinachohesabiwa kuwa bakapu. Mimi bado naangalia kwa macho pia: dampu iliyokamilika ina mstari wa mwisho unaosema "Dump completed". Mstari huo usipokuwepo, hata ukubwa wa faili ungekuridhisha, huna kitu.

Mkinicheka kwa woga huu, kumbukeni GitLab, kampuni inayowahifadhia watu misimbo ya programu zao. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao alifuta data kwenye seva isiyo yenyewe, na walipokimbilia bakapu wakakuta pg_dump, ndugu wa mysqldump kwa hifadhidata ya PostgreSQL, ilikuwa inafeli siku nyingi kwa sababu ya toleo lisilolingana, na barua pepe za kutoa taarifa zilikuwa hazifiki. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Hao wana wahandisi. Mimi nipo peke yangu na bodaboda ya kunipeleka.

Ghala letu lipo mahali pawili. La kwanza ni diski nyingine hapo hapo dukani. La pili ni kompyuta ndogo iliyoko tawi la Buzuruga, inafikiwa kwa SFTP, njia salama ya kuhamisha faili mtandaoni. Watu wengi huweka nje ya nchi, na Restic inakubali: S3 ya Amazon, Backblaze, popote. Lakini mwezi Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ya nchi ikawa ya kuokoteza, niliona afadhali nakala ninayoweza kuifuata kwa daladala. Kuna kikomo cha kasi pia, --limit-upload, nimeiweka ili usiku isinyonye mtandao ambao mashine za malipo zinauhitaji.

Sasa lawama. Hakuna dirisha la kubofya. Ni amri tu, na kila ujumbe ni Kiingereza. Mwenye duka hawezi kuingia mwenyewe kuona kama jana ilifanyika, ikabidi niandike skripti inayomtumia SMS kila asubuhi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, na kwetu hilo si jambo la kubuni, unakuta kufuli (alama kwamba ghala linatumika) limeachwa ghalani, na prune inagoma mpaka uandike unlock. Data iliyokwishafika haipotei, ila ukilikuta kufuli hilo saa kumi alfajiri bila kujua ni nini, moyo unaenda mbio. Prune yenyewe, kazi ya kutupa vipande visivyohitajika tena, inalishika ghala peke yake hadi imalize. Mimi huiendesha Jumapili, nikibakiza bakapu za siku 7, wiki 4 na miezi 12.

Lawama kubwa zaidi si ya Restic, ni ya dampu. Kuchukua hakusimamishi duka, kurudisha kunasimamisha. SQL yetu ilichukua karibu saa mbili kuingia kwenye laptopu. Kwa duka letu tumekubaliana kwamba saa mbili za daftari mara moja kwa miaka mingi tutazivumilia. Ukiwa na GB 200, usiniige. Angalia mariabackup, inayonakili faili zenyewe huku seva inafanya kazi na kuandika pembeni mabadiliko yanayotokea. Kurudisha ni kuziandaa na kuzinakili, si kusoma SQL mstari kwa mstari. Na kwa vyovyote vile washa kumbukumbu za binlog, faili ambamo seva huandika kila badiliko la data. Bila hizo, seva ikifa saa kumi jioni unarudi kwenye saa 8:30 ya usiku, mauzo ya mchana mzima hayapo. Sisi tunazinakili kila dakika kumi na tano kwenda Buzuruga, vifaili vidogo, havihisiwi.

Kwa alama naipa nane juu ya kumi. Moja nimeikata kwa ajili ya kufuli, nyingine kwa sababu mtu asiyejua amri hana pa kushika. Mara moja kwa mwezi narudisha bakapu kwenye laptopu, nalinganisha salio la dawa kumi ninazozichagua bila mpango. ORS haikosekani kwenye hizo kumi.

Jambo la mwisho ni nenosiri. Likipotea, hakuna wa kumpigia simu. Data imefungwa na hata waliotengeneza programu hawaifungui. Nilipomweleza mwenye duka, akaniuliza, "Sasa kijana, hilo neno unalijua wewe tu?" Nikasema ndiyo, mzee. "Na bodaboda ikikubwaga Igoma?" Restic inaruhusu ghala moja kuwa na nenosiri zaidi ya moja, basi nikamtengenezea lake, nikaliandika kwenye karatasi, nikalitia kwenye bahasha. Akaifungia sefuni pamoja na leseni ya duka, lakini kwanza akaandika juu yake kwa kalamu nyekundu: USIFUNGUE. Bado najadiliana naye kuhusu hilo neno.