Kanzidata ya Makaburi ya Vita: Inamfaa nini mtafutaji wa Tanga?

Familia nyingi za Tanga zinazoandika nasaba zao hukwama mahali pamoja: babu alichukuliwa vitani, hakurudi, na waliobaki hawakuonyeshwa kaburi. Kwa msiba wa namna hiyo, chombo ambacho mtafutaji huelekezwa kwanza ni kanzidata, yaani hifadhi ya kumbukumbu mtandaoni, ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Tume hiyo iliundwa Uingereza mwaka 1917, na inawakumbuka watu wapatao milioni 1.7 waliokufa katika vita vikuu viwili. Kutafuta humo ni bure, nayo hufunguka hata kwenye simu, ingawa msomaji asiyejua Kiingereza atahitaji kijana wa kumsomea. Tathmini hii inaipima kwa swali moja tu, yaani mtu wa Tanga mwenye jina la babu yake mkononi atatoka na nini.

Ukurasa wa utafutaji una nafasi za jina la ukoo, jina la kwanza, namba ya jeshi, kikosi, tarehe ya kifo, na nchi au makaburi ambako marehemu anakumbukwa. Kwa kawaida mtu huanza na jina, na hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa kuwa makarani wa jeshi waliandika majina ya askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) jinsi masikio yao yalivyoyapokea. Mohamedi aweza kuandikwa kwa tahajia kadhaa, na "bin" mara huachwa, mara huchukuliwa kuwa sehemu ya jina la ukoo. Ni afadhali kuiacha nafasi ya jina wazi, kuchagua kikosi na kipindi cha tarehe, kisha kuipitia orodha yote kwa macho. Kazi hiyo inachosha, lakini orodha inaweza kupakuliwa na kusomwa pole pole pamoja na wazee, ambao hulitambua jina lililopotoshwa upesi kuliko kompyuta yoyote.

Ubora wa chombo hiki unaonekana wazi ukikijaribu kwa mapigano ya Tanga ya tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914, ambapo jeshi la Waingereza lililoletwa kwa meli kutoka India lilishindwa na askari wa Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Chagua nchi ya Tanzania, weka siku hizo, na utawaona watu wa Loyal North Lancashire, Kashmir Rifles, 101st Grenadiers na vikosi vingine. Kwa askari wengi wa India kumbukumbu haziishii kwenye jina na cheo tu, kwani hutaja pia jina la baba, kijiji na wilaya alikotoka marehemu. Kwa mtafiti wa nasaba hiyo ni hazina, maana jina la baba na la kijiji ndizo funguo za kumbukumbu nyingine zote. Mjukuu anayeishi Punjab anaweza, bila kuondoka kwao, kujua kwamba mzee wake anakumbukwa Tanga, ilhali jirani wa makaburi hayo hayo, ambaye babu yake alibeba mizigo katika vita hivyo hivyo, huenda asipate hata herufi moja.

Huo ndio upungufu mkubwa wa kanzidata hii, na Tume yenyewe imeukiri. Ripoti ya kamati maalumu iliyotolewa Aprili 2021 ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, na pengine kufikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Wapagazi ndio walioumia zaidi, kwa sababu waliuawa na maradhi, njaa na uchovu kuliko risasi, na watawala wa wakati huo waliona sanamu ya pamoja inawatosha. Kwa hiyo mwenye babu mpagazi asisome ukurasa mtupu kama ushahidi kwamba babu hakwenda vitani. Ukurasa huo unaonyesha tu nani aliyeandikwa.

Kwa Vita Kuu ya Pili hali ni tofauti kabisa, na hapa naipendekeza huduma hii bila kusita. Askari wa Keya waliokufa Bama (Burma, sasa Myanmar) na hawana kaburi linalojulikana wanatajwa kwenye Rangoon Memorial, mnara wa kumbukumbu ulioko huko, wenye majina yanayokaribia 27,000. Wale wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki waliozama na meli Khedive Ismail, iliyopigwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944 ikitoka Mombasa kwenda Colombo, wanakumbukwa Nairobi. Mtafutaji aangalie vizuri tofauti iliyopo kati ya kaburi na mnara: jina likiwa Nairobi halimaanishi kwamba mwili uko Nairobi. Hata kaburi lenyewe huenda lilihamishwa. Makaburi ya vita ya Ocean Road, Dar es Salaam, yalihamishwa mwaka 1968 kwa ajili ya ujenzi wa barabara. Kumbukumbu nyingi zimeambatanishwa na picha za fomu za awali za usajili, na mtu asiyezifungua amesoma nusu tu ya kilichopo.

Wenye jamaa waliopigana upande wa Wajerumani wajue kwamba wajibu wa Tume hii ni kwa majeshi ya Jumuiya ya Madola. Tom von Prince, ofisa wa Kijerumani aliyejulikana kama Bwana Sakarani na kuuawa Tanga tarehe 4 Novemba 1914, ni mtu wa kutafutwa kwenye orodha za Wajerumani, ambazo shirika lao la makaburi ya vita, Volksbund, limeziweka pia mtandaoni. Marehemu wa kawaida, asiyekufa kwa vita, hayumo kokote humo. Kwake yeye kilichopo ni vitabu vya misheni ikiwa alikuwa Mkristo, cheti cha kifo kama kilitolewa, na wazee wa mtaa wanaojua nani amelala wapi, kwani makaburi mengi ya Waislamu hapa pwani hayana maandishi.

Tume hupokea maombi ya kusahihisha kumbukumbu au kuongeza jina lililosahauliwa, na hilo ni jambo la kheri. Hata hivyo huomba hati zinazothibitisha utumishi na kifo, na mpagazi aliyechukuliwa kijijini mwaka 1916 hakuachiwa hati. Mpaka utakapowekwa utaratibu wa kupokea ushahidi wa mdomo kutoka kwa familia zenyewe, chombo hiki kitaendelea kuwahudumia vizuri wenye karatasi, na kuwaacha nje wale ambao wangekihitaji kuliko wote.