Utepe wa msasa kwa ngazi za vigae: unafaa, ila si kila mahali

Utepe mweusi wenye chenga za msasa, upana sentimita 5 na urefu mita 5, ndio dawa rahisi ya ngazi za vigae vinavyoteleza vikilowa. Ngazi ya vidato 14 inakula roli tatu: kila roli hutoa vipande vitano vya sentimita 90, kinachobaki ni kidogo.

Gundi yake ni kali, lakini haipatani na vumbi wala nta ya kung'arishia sakafu. Osha kidato kwa maji ya sabuni, kikauke kabisa, kisha futa kwa spiriti. Viringisha pembe za kila kipande kwa mkasi. Pembe kali ndiyo inayoanza kubanduka, maana dekio huinasa kila siku. Bandika sentimita 2 kutoka ukingoni, kandamiza kuanzia katikati kwenda pembeni, na usipitishe kipande juu ya fuga, yaani ule mstari wa kiungo kati ya kigae na kigae: maji hupenya hapo chini kwa chini. Usideki kwa saa 24.

Kasoro yake? Nyumba ya watu wanaotembea peku, au mtoto anayepanda kwa magoti, chenga hizo zinachubua. Hapo chukua ule wa mpira usio na chenga. Kwenye saruji tupu usihangaike nao, unga wa saruji huubandua. Hapo funga ukingo wa alumini kwa skrubu.

Ukichakaa, upashe moto kwa draya ya nywele, ubandue taratibu, gundi iliyobaki futa kwa mafuta ya taa, halafu sabuni.