Alinifungia maiki: uzoefu wangu na mafunzo ya kupima ukubwa wa programu

Mkufunzi alinifungia maiki. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonikalisha chini kuandika, na kila nikijaribu kuanza kwa upole naiona tena ile alama nyekundu ikijitokeza juu ya jina langu huku mdomo wangu bado uko wazi.

Ilikuwa mwaka jana, nadhani siku ya kwanza ya mafunzo, au asubuhi ya siku ya pili. Tulikuwa watu 22 mtandaoni, karibu wote wasanidi programu na viongozi wa timu. Mimi nilikuwa nimeibembeleza ofisi yangu kwa muda mrefu inilipie kozi hiyo. Sisi tulikuwa tunakadiria kwa kukisia tu. Meneja anauliza kazi itachukua muda gani, mtu anasema miezi mitatu, inafika saba, na lawama zinamwangukia aliye jirani. Nilikuwa nimechoka. Nilitaka kipimo ambacho nikikitaja mbele ya mteja siogopi kuulizwa, "Umekitoa wapi?" Kwa hiyo nisichukuliwe kama mtu aliyekwenda kutafuta ugomvi. Nilikwenda na daftari jipya.

Zoezi lilikuwa la mfumo mdogo wa maombi ya likizo. Tulikuwa tunahesabu pointi za kazi (function points), njia aliyoitoa Allan Albrecht wa IBM mwaka 1979, inayopima programu kwa kile inachomfanyia mtumiaji badala ya kuhesabu mistari iliyoandikwa. Ndani ya mfumo ule mlikuwa na majedwali matano madogo: jinsia, hali ya ombi, miezi ya mwaka, sababu za kukataliwa, na namna ya kumwita mtu, Bwana au Bi. Kila jedwali lina msimbo na maelezo yake, basi. Herufi K ni "limekubaliwa", herufi M ni "linasubiri". Hakuna kingine humo.

Mkufunzi akalihesabu kila moja kama faili la ndani, yaani data zinazotunzwa na mfumo wenyewe, la uzito wa chini, pointi 7. Halafu akaongeza kuingiza, kubadili, kufuta na kuorodhesha, 3 kwa kila tendo. Hizo ni 19 kwa jedwali moja. Mara tano, 95. Jumla ya mfumo mzima kwenye slaidi yake ilikuwa 213.

Sasa, mwongozo wa kuhesabu wa IFPUG, chama cha kimataifa cha watumiaji wa pointi za kazi, ule ule aliokuwa ameuweka kwenye slaidi yake ya kwanza, unasema data za misimbo, yaani majedwali ya msimbo na maelezo tu kama yale matano, hazihesabiwi kama mafaili, na matendo ya kuzitunza hayahesabiwi pia. Kiwango cha kimataifa cha njia hiyo, ISO/IEC 20926 cha mwaka 2009, kinasema hivyo hivyo. Nilikuwa nimeusoma usiku uliotangulia, kwa penseli. Jedwali la aina za likizo ni habari nyingine, kwa sababu lenyewe limebeba idadi ya siku anazostahili mtu, na mtumiaji anazihitaji siku hizo kufanya kazi yake. Hilo linahesabiwa. Lakini jinsia? Miezi ya mwaka? Jibu sahihi lilikuwa 118.

Nikainua mkono. Nikasema, "Samahani mwalimu, naomba turudi kidogo kwenye yale majedwali matano."

Akasema, "Ndugu, hapa tunahesabu, hatubishani."

Nikasema, "Si ubishi mwalimu, mwongozo wenyewe unasema data za misi..."

Hapo ndipo alipoifunga. Katikati ya neno. Kisha akawageukia wengine na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ratiba imebana, na wenye uzoefu wao wa pembeni watamtafuta baadaye. Nikaandika kwenye sanduku la ujumbe, namba ya sehemu ya mwongozo na kila kitu. Baada ya dakika chache ujumbe wa washiriki ukazuiwa, ikabaki njia ya kumwandikia yeye peke yake. Nikamwandikia. Hakujibu.

Nimekaa kwenye vikao vingi vya kazi. Nimepingwa, nimechekwa, nimeambiwa hesabu zangu ni mbovu mbele ya wakubwa, na mara nyingine zilikuwa mbovu kweli. Sijawahi kufungwa mdomo kwa kitufe nikiwa nanukuu kitabu cha mwalimu mwenyewe.

Kuna atakayesema pointi 95 kwenye zoezi la darasani ni kitu gani. Basi chukua timu inayotumia, tuseme, saa 8 kwa kila pointi. Hizo 95 za hewa zinageuka saa 760 kwenye makadirio. Mteja analipia kazi ambayo hakuna mtu ataifanya. Au kinyume chake: timu inamaliza mapema, inajiandika kuwa ina kasi ya ajabu, na mwaka unaofuata inapangiwa kazi kwa kasi hiyo ya uongo hadi watu wanakesha. Rekodi za nyuma ndizo mtaji wa njia hii yote. Ukizitia namba chafu, makadirio yote yatakayofuata yatazaliwa na kasoro hiyo hiyo. Na baadhi yetu tulikuwa tunajiandaa kwa mtihani wa CFPS, cheti cha IFPUG cha utaalamu wa kuhesabu pointi, unaodai asilimia 90 kwa jumla na usishuke chini ya 80 kwenye sehemu yoyote. Mtihani wa namna hiyo haumsamehi mtu aliyefundishwa vibaya.

Siku hiyo hiyo nilitaka kuandika kwamba mtu asipoteze muda wake na kozi hii. Neno hilo nililiandika kabisa, nikalifuta, nikaliandika tena.

Kilichonichoma zaidi kilikuja kesho yake. Somo lilikuwa kuboresha mchakato wa kazi. Mkufunzi yule yule akatueleza habari za Michael Fagan, naye wa IBM, ambaye mwaka 1976 alitoa maelezo ya ukaguzi rasmi wa kazi ya programu: wenzako wanaisoma kazi yako mstari kwa mstari kabla haijaendelea mbele, kwa sababu kosa lililokamatwa mapema hugharimu kidogo kuliko kosa linaloonekana programu ikiwa tayari kwa mteja. Akaeleza vizuri, tena kwa hisia. Akasema kinachokaguliwa ni kazi, wala si aliyeiandika. Akasema ndiyo maana bosi hafai kukaa kwenye kikao cha ukaguzi, watu wataogopa kutaja makosa. Akapanda hadi CMMI, kielelezo cha kupima ukomavu wa utendaji wa shirika, na ngazi zake tano, kutoka ngazi ya kwanza ambako kila kitu kinategemea juhudi na bahati ya watu, hadi ya tano ambako shirika linajirekebisha bila kungoja maafa.

Nilikuwa nasikiliza huku mikono inatetemeka. Huyu mtu alikuwa na kosa kwenye slaidi yake. Mwenzake alilisoma, akalikamata mapema, akalitaja kwa adabu, na halikuwa limemgharimu hata dakika mbili. Alichofanya ni kumnyamazisha msomaji. Anafundisha ukaguzi kwa mdomo, kidole chake kinafundisha kitu kingine, na nina hakika wanafunzi 21 waliobaki walijifunza kile cha kidole. Baada ya pale hakuna aliyeuliza swali la maana hadi jioni. Nilihesabu. Maswali matatu, yote kuhusu cheti.

Niseme haraka na haya mengine. Alitumia muda mrefu mno kwenye zile sifa 14 za jumla za mfumo, unazozipa alama kuanzia 0 hadi 5 ili kupandisha au kushusha hesabu kwa hadi asilimia 35, wakati kiwango cha ISO chenyewe hakizihitaji. COSMIC, njia nyingine ya kupima ukubwa wa programu, inayohesabu data inapoingia, inapotoka, inaposomwa na inapoandikwa, pointi moja kwa kila mwendo, ilipata dakika tano za mwisho. Mshiriki mmoja alikuwa anafanya programu za mashine zinazofanya kazi papo kwa papo, na COSMIC ndiyo iliyomleta. Alitoka mikono mitupu.

Haya. Sasa lazima niwe mkweli, ingawa ukweli wenyewe unanipunguzia nguvu ya kulalamika.

Siku ya mwisho tuligawanywa vikundi vidogo, kila kikundi kikahesabu mfumo wake halisi wa kazini. Kikundi chetu cha watu wanne tulipewa mkufunzi mwingine, dada mmoja mpole ambaye siku zote zile alikuwa amekaa kimya akisimamia mitambo. Na dada yule, jamani, anajua kufundisha. Nilimwonyesha usajili wa wateja kwenye mfumo wetu, kurasa tatu zinazofuatana, nami nilikuwa nimezihesabu maingizo matatu. Hakuniambia nimekosea. Aliniuliza, "Kaka, mtumiaji akifika ukurasa wa pili akaacha, kuna kilichohifadhiwa?"

Hakuna.

"Kazi yake imekamilika?"

Haijakamilika.

"Basi hizo kurasa tatu ni kitu gani?"

Ni ingizo moja. Likaniingia pale pale na halijatoka hadi leo. Halafu akanigeuzia upande wa pili: skrini yetu moja ya bidhaa, niliyokuwa nimeihesabu ingizo moja, ilikuwa na kuongeza, kubadili na kufuta, na kila tendo linasimama peke yake machoni pa mtumiaji. Hayo ni matatu. Nilikuwa nahesabu skrini, yeye akanifundisha kuhesabu kazi.

Kisha akatuchukua kwenye mpaka wa mfumo. Akatufanya tuchore mstari na tubishane nani yuko ndani na nani yuko nje, na hapo mimi na mwenzangu mmoja tuligundua kwamba data za mishahara, ambazo timu yangu ilikuwa inazihesabu kama zetu, zinatunzwa na mfumo mwingine kabisa. Sisi tunazisoma tu. Kwa hiyo ni faili la nje. Saa nzima tulibishana kuhusu mstari mmoja, na hakuna aliyefungiwa maiki.

Nikapata ujasiri nikamuuliza kuhusu data za misimbo. Akajibu bila kusita, "Uko sahihi. Hazihesabiwi."

Nikamwomba aliseme hilo mbele ya darasa zima. Akanyamaza. Halafu akasema, "Nitalifikisha, kaka." Nilimwelewa. Nilimkasirikia pia, kidogo, na bado sijui kama nilikuwa na haki ya kumkasirikia mtu aliyenifundisha zaidi kwa nusu siku kuliko mwenzake kwa siku zote zilizotangulia.

Niliporudi kazini mteja wetu aliomba "kitufe kidogo tu" cha kulinganisha taarifa za matawi. Zamani ningesema wiki mbili na kuomba yatimie. Safari hii nilikaa na timu, tukachora mpaka, tukahesabu mafaili na matendo, tukaonyesha kwamba kitufe kile kimebeba nyuma yake pointi 64. Mteja aliitazama orodha, akauliza maswali mawili, kisha mwenyewe akapunguza alichokitaka. Hakuna aliyepandisha sauti. Nilitoka kwenye kikao kile nikiwa na furaha ambayo sijaipata kazini kwa muda mrefu, na nikakumbuka kwamba furaha ile ilitoka kwenye kozi ile ile.

Kwa hiyo nikabadili kauli yangu: nendeni, ila ulizeni kwanza ni nani anafundisha. Nilikaa na kauli hiyo wiki kadhaa.

Nilikuwa pia nimewaandikia waandaaji malalamiko, na slaidi nikaambatanisha. Jibu lilikuwa la mstari mmoja, kwamba maoni yangu yamepokelewa na wananitakia kila la heri. Sikuomba kurudishiwa hela. Niliomba barua fupi iende kwa washiriki wote: zoezi lile lilikuwa na kosa, jibu ni 118, samahanini. Tena nikawaandalia hata rasimu.

Hivi majuzi mfanyakazi mwenzangu amemaliza kozi hiyo hiyo kwenye awamu mpya, na nilimwomba anionyeshe slaidi. Zoezi la likizo bado lipo. Majedwali matano bado yapo. Pembeni yake pameandikwa kwa herufi ndogo kwamba ni data za misimbo na hazihesabiwi, na jumla iliyo chini ni 118.

Niliitazama namba ile kwa muda. Nilifurahi kwa ajili ya mwenzangu, kwa dhati, maana ataingia kwenye mtihani akiwa na jibu sahihi. Anasema mkufunzi ni yule yule, na kwamba alilipita zoezi lile bila maelezo yoyote. Kwa hiyo mtu akiniuliza leo kama kozi inafaa, nitamwambia inafaa, na sasa inafaa kuliko nilipoichukua mimi. Nilitegemea kulisema hilo kungenipoza. Halikunipoza, kwa sababu waliisahihisha kimyakimya kwa maneno niliyonyimwa nafasi ya kuyamaliza, na watu 22 wa awamu yetu, wengine wao wanaohesabu mifumo mikubwa kuliko wangu kila siku, bado wana ile slaidi ya 213. Hakuna aliyetuandikia.