Stand Alone Complex kwenye diski: ipi ununue, ipi uiache dukani

Wanaonunua diski za Ghost in the Shell: Stand Alone Complex, katuni ya Kijapani ya upelelezi, wana lalamiko moja linalojirudia: vipindi wamevimaliza vyote, kesi hawajaielewa. Wengi hujilaumu bure. Ukiikagua diski waliyouziwa, unakuta nusu ya ushahidi haisomeki.

Msimu wa kwanza una vipindi 26. Ulianza kurushwa Japani Oktoba 2002, ukitengenezwa na studio ya Production I.G chini ya mwongozaji Kenji Kamiyama. Vipindi 14 ni visa vinavyojitegemea. Vilivyobaki 12, yaani cha 4, 5, 6, 9, 11 na kuanzia cha 20 hadi 26, vinafuata kesi moja ya Laughing Man, mdukuzi anayeingilia kamera na macho ya watu kwa wakati mmoja. Uzuri wa boksi na mng'ao wa rangi siuzungumzii hapa, maana matangazo yote yameshavisifia. Ninachokagua mimi kwanza ni maandishi ya kwenye skrini.

Chukua nembo ya Laughing Man. Ni uso wa bluu uliovaa kofia, unatabasamu, na kuuzunguka kuna duara la maneno ya Kiingereza linalozunguka bila kutulia. Maneno yale hayakuwekwa kama pambo, ni sehemu ya kesi. Sasa, kitu chembamba kinachozunguka ndicho kigumu kuliko vyote kwa diski iliyobanwa sana, kwa sababu kila fremu herufi zimehama na data ya kuzichora upya haitoshi. Kwenye kopi mbovu duara lile linageuka mkanda wa kijivu wenye vijiboksi pembeni.

Au chukua kipindi cha 9. Karibu chote kinapita ndani ya chumba cha gumzo cha mtandaoni, watu wengi wakibishana kuhusu kesi huku maandishi yakipita nyuma yao. Hapo tafsiri ya chini inatakiwa ibebe maneno ya msemaji na yale ya kwenye ukuta bila kupandiana. Tafsiri mbaya huacha moja, na kwa kawaida linaloachwa ni la ukutani, lenye jina au tarehe utakayoihitaji vipindi kumi mbele. Kuna ubovu mwingine unaojificha zaidi: maandishi ya chini yaliyonakiliwa kutoka sauti ya Kiingereza badala ya kutafsiriwa kutoka Kijapani. Weka sauti ya Kijapani, washa maandishi, utazame midomo. Sentensi ikitokea wakati hakuna anayeongea, umeshajua chanzo chake.

Kabla ya kulipa, piga hesabu. Vipindi 26 vya dakika 25 ni dakika 650. DVD ya kawaida ina GB 4.7. Ukishindilia msimu mzima humo unabaki na chini ya megabiti 1 kwa sekunde, picha na sauti pamoja, wakati DVD inaruhusiwa kufika 9.8 kwa picha peke yake. Vipindi vinne kwenye DVD ya tabaka mbili, GB 8.5, vinapata nafasi yote vinayohitaji. Blu-ray ya GB 50 ikibeba vipindi 13 inakupa kama megabiti 20. Idadi ya diski ndani ya kasha ni ushahidi tosha, kwa hiyo muulize muuzaji ni ngapi. Akikwepa swali, ondoka.

Ya kwanza kwangu ni Blu-ray ya Uingereza kutoka Manga Entertainment, na sifichi kwamba kampuni hii naipendelea. Wao walikuwa miongoni mwa waliotia fedha kuutengeneza mfululizo wenyewe, hawakuja tu baadaye kuuza. Sababu ya pili inatuhusu moja kwa moja: Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati zote ziko eneo B la Blu-ray (eneo ndilo linaloamua deki ipi icheze diski ipi), kwa hiyo diski ya Uingereza inaingia kwenye deki iliyonunuliwa rasmi Dar, Nairobi au Muscat bila ugomvi. Usitegemee miujiza ya picha. Mfululizo ulitengenezwa kidijitali mwanzoni mwa miaka ya 2000, hakuna mkanda wa filamu wa kuchanganuliwa upya. Faida yake ni nafasi: herufi za nembo zinabaki herufi.

Ya pili ni DVD za Marekani zilizoanza kutoka 2004, juzuu 7, kila moja ikiwa na vipindi 4 au 3. Hizi nazipenda kwa sababu hazikubanwa, na zina vile vichekesho vifupi vya roboti wa Tachikoma mwishoni mwa vipindi, ambavyo kopi nyingi hukata. Tatizo ni eneo. DVD za Marekani ni eneo 1, za Uingereza ni 2, sisi Afrika Mashariki tuko 5. Deki nyingi za bei ndogo hucheza maeneo yote, lakini jaribu kwanza kwa diski ya kuazima. Na usinunue juzuu ya kwanza peke yake: kesi inaanza kipindi cha 4, ambacho ni cha mwisho kwenye diski hiyo. Utamwacha mpelelezi Togusa na zile picha za rafiki yake marehemu mkononi, akitafuta kamera iliyozipiga, halafu basi.

Ya tatu, Blu-ray za Japani. Kazi safi, bei ya kuumiza, na eneo lake ni A. Geuza kasha usome nyuma: kama Kiingereza hakikuorodheshwa kwenye maandishi ya chini, hakimo.

Ya nne ni The Laughing Man, mkusanyo wa 2005 unaofupisha vile vipindi 12 kuwa dakika 160. Dakika 300 zimekatwa karibu nusu, na kilichokatwa ni upelelezi wenyewe, yaani kukaa, kusoma na kulinganisha. Sauti za Kiingereza nazo ni za waigizaji wengine. Uununue baada ya mfululizo, kamwe usiwe badala yake.

Kopi za mtaani zenye msimu wote kwenye diski moja au mbili, achana nazo. Majina ya Kijapani husomwa Kichina, Meja Kusanagi, mhusika mkuu, anakuwa Caoti, na ukipoteza majina katika hadithi ya upelelezi umepoteza kila kitu.

Wauzaji nao wana lao. Wanaandika "orijino" wakimaanisha jalada limechapwa kwa rangi. Wanaandika "kamili" juu ya juzuu moja. Wanaweka picha ya filamu ya 1995, au ya Arise, au ya SAC_2045, kwa kuwa zote zina Ghost in the Shell kwenye jina, kisha wanatuma kilichopo stoo. Picha ya nyuma ya kasha hawaiweki, na nyuma ndiko kulikoandikwa eneo, lugha na idadi ya diski. Inauma zaidi ukikumbuka kwamba usafiri mara nyingine unazidi bei ya diski, na kuirudisha ni gharama ya pili. Omba picha mbili, ya nyuma ya kasha na ya diski zenyewe zikiwa wazi, kabla hujatuma hata shilingi.

Ikifika, usianze na kipindi cha 1. Fungua cha 9, sauti ya Kijapani, maandishi ya Kiingereza, dakika tano. Halafu tafuta nembo kwenye cha 6, simamisha picha, usome duara. Ukiona kila mstari una kivuli cha pili kama umechorwa mara mbili, fremu zimechanganywa wakati wa kubadili mfumo wa video, na hakuna mpangilio wa TV utakaoliondoa hilo. Tazama pia saa: kipindi cha dakika 25 kikiisha kwa 24, ni DVD ya PAL, mfumo wa TV wa Ulaya, iliyoharakishwa kwa asilimia 4, na sauti ya Meja imepanda kidogo kuliko alivyoirekodi mwigizaji wake, Atsuko Tanaka. Hilo la pili linavumilika. La kwanza, rudisha mzigo siku hiyohiyo.

Wenye PlayStation, kumbukeni mashine hufuata eneo la nchi ilikouzwa. PS4 ya mtumba iliyotoka Marekani au Japani ni eneo A na haibadilishwi, kwa hiyo diski ya Uingereza niliyoiweka ya kwanza itaikataa. Iliyotoka Dubai ni B. PS5 ya toleo la dijitali haina hata mlango wa diski.