Swoop: MRI ya kichwa inayomfuata mgonjwa kitandani

Mgonjwa wa ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) aliye kwenye mashine ya kupumulia hupatwa na mengi njiani akipelekwa kwenye MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku: mpira wa hewa unachomoka kwenye lifti, pampu ya dawa ya presha inaishiwa chaji. Hapo ndipo Swoop, mashine ya kampuni ya Hyperfine ya Marekani, inapoonyesha thamani yake. Husukumwa hadi kitandani, huchomekwa kwenye soketi ya kawaida ya ukutani na huendeshwa kwa tableti. FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, iliiruhusu mwaka 2020, na huko Blantyre, Malawi, imetumika kupiga picha za ubongo wa watoto.

Nguvu ya sumaku yake ni tesla 0.064 tu, ilhali MRI nyingi za hospitalini ni tesla 1.5 au 3. Damu nyingi iliyovuja, kichwa maji na kiharusi kikubwa vitaonekana. Kiharusi kidogo kinaweza kupita bila kuonekana, kwa hiyo mwenye dalili asiruhusiwe kwenda nyumbani kwa sababu tu picha imetoka safi.

Picha ikiharibika, anza kukagua jinsi mgonjwa alivyolala. Kichwa kisipoingia hadi mwisho wa koili, sehemu ya mashine iliyo kama helmeti inayovaa kichwa, sehemu ya chini ya ubongo hufifia, na wenye shingo fupi ndio wanaosumbua zaidi. Mpandisheni kwa shuka, watu wanne. Mmoja kazi yake iwe kichwa na mpira wa hewa tu. Jazeni sponji pembeni mwa masikio. Pampu zisogezwe kadiri nyaya zinavyoruhusu, maana umeme wake huchafua picha.

Udogo wa sumaku usiwalegeze. Betri ya moyo, klipu za mishipa ya ubongo na kifaa cha kusikia kilichopandikizwa viulizwe vilevile. Mkasi utoke mfukoni, mtungi wa oksijeni ukae mbali.

Kipimo kamili huchukua nusu saa au zaidi, mgonjwa akiwa chali, na kwa mwenye shinikizo la ubongo huo ni muda mrefu mno. Simamisheni mapema chakula cha mpira wa puani, kagueni mboni kabla hajalazwa, na mwombeni mtaalamu aanze na picha inayohitajika zaidi, ili mkilazimika kukatisha msitoke mikono mitupu. Oksijeni ikishuka, au mboni moja ikipanuka, mtoeni papo hapo. Kipimo kikiisha, inueni kichwa nyuzi 30, kisha sikilizeni mapafu pande zote mbili kabla Swoop haijaondolewa.